Dobi Aliyemtafuta Muuaji

Mkewe alikufa bila kusema nani aliua.

Hilo ndilo lililomkaa dobi rohoni baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika na viti vya kuazima kurudishwa. Alibaki na mlango uliofungwa kwa ndani. Nyuma ya mlango, mwenye duka la vitambaa amelala kifudifudi juu ya majora yake, hana uhai. Nje ya mlango, watu watatu, kila mmoja na sababu yake ya kumtaka afe: mpishi, karani na shemeji. Hawa wote mkewe aliwatoa kichwani mwake. Yeye peke yake ndiye aliyejua nani kafanya. Kaondoka na siri yake, kamwachia dobi maiti asiyemhusu.

Hadithi ilikuwa ya kazini. Chumba chao cha kazi kilikuwa kirefu na chembamba, meza katikati imetandikwa blanketi kuukuu lenye alama za kuungua, dirisha moja linatazama uani kwenye kamba. Dobi alipiga pasi. Mkewe alisimama upande wa pili na bakuli la maji, ananyunyiza kwa ncha za vidole, anakunja, anasimulia. Mashuka ya nyumba ya wageni hayana utamu. Ni meupe, mapana, na ukimaliza moja linalofuata ni lile lile. Mkewe alisema bila hadithi atajikunja na yeye awekwe kwenye kapu.

Basi akaleta zamani. Zamani kweli kweli, kabla ya reli, watu wakisafiri kwa miguu na habari zikichelewa. Katika zamani hiyo palikuwa na mfua nguo mmoja aliyeitwa Bi Povu. Bi Povu hakujua vitabu, lakini akilishika shati lako anajua ulipolala. Mwenye duka alipokutwa amekufa, wakubwa walikuna vichwa, na Bi Povu akaomba jambo moja tu: aletewe nguo chafu za watu wote wa nyumba ile.

Dobi alimpenda sana Bi Povu. Lakini aliyemvunja mbavu ni karani. Karani alikula mkate akaacha ganda limezunguka sahani kama ukuta. Karani alisinzia na kalamu mkononi, akizinduka anaendelea na neno lile lile. Ukimuuliza jambo leo anakujibu kesho.

"Mjinga huyu," dobi alikuwa akisema, huku anacheka. "Huyu si mtu wa kuajiriwa."

Mkewe naye alicheka mpaka maji yakamwagika.

"Sasa nani aliua?"

"Mzee, piga pasi."

"Niambie tu, nitanyamaza."

"Nikikwambia utalala. Piga pasi."

Kisha kifua kikambana mkewe. Akalazwa. Dobi alikaa kando ya kitanda, kofia magotini, na swali likiwa mdomoni. Hakulitoa. Mtu anahema kwa shida, wewe umuulize habari za mpishi? Alimuuliza kama anataka maji. Alisema hapana. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya mwisho.

Binti yao aliolewa mji mwingine. Akipiga simu aliuliza kama baba amekula, na baba alisema amekula. Siku moja dobi akashindwa kuvumilia.

"Mama yako aliwahi kukwambia nani aliua?"

"Aliua nani, baba?"

"Kwenye hadithi. Ya Bi Povu."

"Hakuniambia. Mimi nilipoondoka ndio kwanza mlango ulikuwa unavunjwa." Halafu akasema, "Si uiandike, baba? Ukiiandika yote uliyosikia, pengine mwisho utajitokeza wenyewe."

"Mimi niandike?"

"Herufi unazo. Mama alikusukuma mpaka ukazipata."

Ilikuwa kweli. Mkewe alimpeleka kisomo cha watu wazima kwa kumsukuma mgongoni, akatoka na herufi za kutosha kusoma lebo ya shati. Hakuwahi kuzitumia kwa jambo lingine.

Mapazia ya maktaba ndiyo yaliyompa njia. Alikuwa ameyafua, akayarudisha mwenyewe begani, na mlangoni akamkuta mama mmoja mwenye miwani mizito anabandika tangazo. Alikuwa mwalimu mstaafu wa historia. Tangazo lilisema anafundisha kuandika hadithi za upelelezi za zama za kale, chumba cha nyuma, alasiri, bure.

"Wanaruhusu wazee?" dobi akauliza.

"Zama za kale ni zenu, mzee," mwalimu akasema. "Karibu."

Akaenda. Darasani alimkuta mkunga wa zahanati anayeandika huku anasinzia kwa uchovu wa zamu, na kinyozi wa mtaa wa pili, mtu wa maneno, ambaye hadithi yake ilikuwa na maiti kila ukurasa.

Kwa majuma kadhaa dobi aliandika nyumbani, mezani pa kupigia pasi, karatasi juu ya blanketi. Aliandika kama alivyosikia. Herufi zake zilikuwa kubwa na zimeegemeana. Mkono uliozoea pasi huiminya kalamu, karatasi ikatoboka hapa na pale. Lakini maneno yalikuja, kwa kuwa alikuwa akiyasikia. Sauti ya mkewe ilisema, yeye anafuata nyuma. Siku nyingine ilisema upesi mno akaomba ingoje.

Jambo moja lilimsumbua. Mkewe hakuwapa watu wale majina, na dobi alichoka kuandika mpishi, karani, shemeji kila mstari. Akafanya kama afanyavyo kwenye nguo za wateja, ambazo huzishonea alama ndani ya kola zisichanganyike. Mpishi akampa msalaba. Karani, vijiti viwili. Shemeji, duara.

Mwalimu alipopokea karatasi zile aliziinua kwenye mwanga, akazigeuza juu chini, akazirudisha.

"Mzee, msalaba unamwambia duara kwamba vijiti viwili hakuonekana tangu asubuhi. Hii ni hadithi au kapu la nguo chafu?"

Kinyozi akaangua kicheko, akapiga paja. "Mwache, mwalimu! Huyo ndiye mpelelezi hasa. Ameficha muuaji hata kwa msomaji!"

"Na muuaji ni nani, mzee?" mwalimu akauliza.

"Sijui."

"Hujui?"

"Ndicho nilichokuja kutafuta."

Wakatazamana. Mkunga akafungua macho. Kinyozi akasema polepole, "Mzee wangu, yaani umeleta kesi ambayo hata hakimu hana habari?"

Dobi akaeleza kwa maneno machache: ni ya marehemu mke wake, alikuwa anasimulia, hakufika mwisho. Kinyozi akaacha kucheka, akamwomba radhi. Mwalimu akavua miwani akaifuta. Akasema watamsaidia. Alisema kwa moyo mweupe, na alitimiza.

Mwalimu alifundisha kwamba hadithi ya namna hii ina mabwana wawili. Bwana wa kwanza ni zama zenyewe: kisiingie nyumbani kitu ambacho wakati ule hakikuwapo. Bwana wa pili ni siri: msomaji aonyeshwe kila kitu, ila asijue amekiona. Ukimkosea mmoja wao, msomaji anakifunga kitabu. Dobi akaitikia. Alielewa mambo ya kuwa na mabwana.

Wakaanza na bwana wa kwanza.

"Bi Povu anamulika chini ya mlango kwa tochi," mwalimu akasoma. "Kabla ya reli, mzee. Tochi ameipata wapi?"

Dobi akafikiri. "Sijui. Alikuwa nayo."

"Weka taa ya mafuta. Na hapa, ananusa sabuni ya unga kwenye shati la shemeji. Sabuni ya unga haikuwapo. Walifulia majivu."

"Nitaweka majivu."

"Na hili komeo. 'Komeo likalia kama mbwa aliyekanyagwa mkia.' Maneno mazuri. Lakini milango ya nyumba zile ilifungwa kwa mti uliopitishwa kwa ndani. Mti haulii."

"Haulii," dobi akakubali.

Kazini kwake mteja akionyesha doa, dobi habishani. Hasemi doa hili lilikuwapo, wala hasemi si doa. Analitoa. Miaka yote alikula kwa kanuni hiyo. Basi alirudi nyumbani, akaketi, akatoa tochi, akaweka taa ya mafuta. Tochi yao ilikuwa inaning'inia kwenye msumari juu ya mlango, hakuinua macho. Akatoa sabuni ya unga, na kopo lake lilikuwa dirishani, kijiko cha mkewe bado kimo ndani. Akatoa komeo. Alipokwenda kulala alilifunga komeo la mlango wao, likalia kama linavyolia siku zote, na yeye akapita.

Kila alipomaliza alinakili karatasi safi kwa safi. Zile za zamani aliziweka za kuwashia pasi. Umeme ulikuwa wa kuvizia, kwa hiyo pasi ya makaa haikustaafu, na makaa yanahitaji karatasi ya kuwashia. Hakuona ubaya. Nguo ikishatakata hakuna anayeyatunza maji yaliyoifua.

Likaja suala la maneno. Mwalimu alisema watu wa zama zile hawakuzungumza namna hii. Mpishi hawezi kumwambia bwana wake "tulia basi". Dobi akatoa. Kinyozi akasema mwanzo umepoa, akampa mwanzo wenye moto. Dobi akachukua. Mkunga akasema mtu aliyekufa asubuhi hawezi kuwa bado laini jioni. Dobi akamkausha. Hakuna aliyesema jambo la uongo. Hadithi ilinyooka, ikawa inakwenda yenyewe, na dobi alipoisoma kwa sauti darasani hakuna aliyecheka mahali pasipo pa kucheka.

Sauti ilianza kupungua wakati huo. Hakuona. Alidhani ni kwa sababu sasa anaandika vizuri, hahitaji kutamkiwa.

Kisha siku ya bwana wa pili ikafika. Mwalimu akaandika ubaoni mpishi, karani, shemeji, darasa likakaa kitako kumtafuta muuaji. Ilikuwa alasiri nzuri. Kinyozi alisimama akaigiza, akajificha nyuma ya pazia, dobi akamwambia asilichafue. Wakabishana kama watu wenye ndugu mahabusu.

"Mlango ulifungwa kwa ndani," mwalimu akasema. "Basi muuaji hakutoka. Alikuwa humo humo."

"Wapi? Wamevunja mlango wote!"

"Nyuma ya majora. Mlango ulipovunjwa watu wakaingia kwa fujo, akatoka akajichanganya nao."

Kinyozi akashika kichwa. "Na nani haulizwi alikuwa wapi? Anayesinzia hovyo! Watu wamezoea kumkuta amelala dukani. Karani!"

Kila mtu akapitisha hadithi kichwani, na kila mahali palikaa. Karani alikuwa karibu na kufukuzwa kazi. Karani alijibu maswali kwa kuchelewa, kumbe alikuwa anatunga majibu. Hata ganda la mkate lililokutwa nyuma ya majora, ambalo mkewe alilitaja mara moja na halikurudi tena, likapata mwenyewe.

"Mzee," mwalimu akasema, na macho yake yalikuwa na maji, "mke wako alijua kazi. Alimficha mbele ya macho yenu."

Dobi alirudi nyumbani akitembea kama kijana. Kapata. Aliandika mwisho kwa kikao kimoja: Bi Povu anashika kola ya karani mbele ya watu wote, karani anatoa macho, anakiri, ananyongwa asubuhi. Mwalimu aliichapa kwa mashine na kuibandika ukutani maktaba, ukurasa kwa ukurasa. Kinyozi aliwasimulia wateja wake wakiwa na povu kidevuni, hawana pa kukimbilia. Watu walimsimamisha dobi njiani. "Ama karani, mzee! Umetupiga chenga!" Dobi aliinua mkono.

Binti akaja kumtazama baba. Alifika mchana, akajifunga kitambaa kichwani, akasimama upande wa pili wa meza na bakuli la maji bila kuombwa. Dobi akaweka pasi kando, akamsomea. Alisoma yote. Binti alikunja huku anasikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo mikono ilivyopungua kasi.

"Karani," akasema mwishowe.

"Karani. Unaona? Alikuwa nyuma ya majora."

"Baba, karani si ndiye wewe?"

Dobi hakuelewa.

"Anayeacha ganda la mkate. Anayelala amesimama. Anayeulizwa leo akajibu kesho." Binti alianza kucheka, kicheko kikamkatikia njiani. "Mama alikuwa anakusema wewe mbele ya uso wako, na wewe unasema huyu mjinga. Sisi wawili tulikuwa tunakufa kwa kicheko. Hukujua kweli?"

"Sikujua."

"Miaka yote?"

"Sikujua, mwanangu."

Binti akatazama karatasi, akaona jinsi ilivyoishia. "Na umejinyonga," akasema taratibu.

Dobi akaketi. Akatazama sahani ya asubuhi juu ya kabati. Ganda la mkate lilikuwamo, limezunguka. Mkewe asingeweza. Hata kwa mzaha, hata kama kila dalili ilielekea huko, mtu yule asingemfanya muuaji. Basi ilikuwa ni mwingine. Mpishi, au shemeji, au mtu ambaye alikuwa hajaingia bado. Kila kitu kilichomshitaki karani kilikuwa mkewe anamcheka mumewe mchana wa jua, na darasa zima, kwa akili nyingi, lilikuwa limekifanya ushahidi.

"Haidhuru," binti akasema. "Turudi nyuma. Nipe zile za kwanza, ulizoandika mwanzo mwanzo. Dalili za mama ziko humo."

"Nimewashia pasi."

"Zote?"

"Hizi ndizo zilizokuwa safi."

Binti hakumlaumu, na dobi aliona afadhali angemlaumu. Akachota maji, akanyunyiza shuka, akasema kwa sauti ya kumbembeleza, kama mtu anayemwita kuku, "Basi achana na karatasi. Nisimulie kwa mdomo. Alivyokuwa anasimulia yeye. Anza tu, mimi nakunja."

Dobi akasimama. Akaishika pasi, akaipeleka, akafungua mdomo.

"Katika mwaka wa ukame mkubwa," akasema, "damu ya tajiri iliponyesha pasiponyesha mvua..."

Akasimamisha pasi. Hayo yalikuwa ya kinyozi.

"Siyo hivyo," binti akasema.

"Siyo. Ngoja." Akapeleka pasi mpaka pindo, akairudisha. "Bi Povu akainua taa ya mafuta, akauendea mlango uliofungwa kwa mti..." Hayo yalikuwa ya mwalimu. Akajaribu kwa upande wa maiti, akamkuta mkavu, wa mkunga. Akajaribu kwa mpishi. Mpishi alizungumza kwa adabu kama barua ya serikali. Dobi alijua palikuwa na neno jingine pale, neno la mkewe, fupi, lililomchekesha. Mahali pake alipaona. Neno lenyewe halikuwapo.

"Mlango ulilia," binti akasema. "Hilo nalikumbuka. Ulilia kama nani?"

"Mti haulii," dobi akajibu kabla hajafikiri.

Binti akamtazama. Akaweka bakuli chini.

"Wewe ulikuwa unasikia akisimulia," dobi akasema. "Nisimulie wewe."

"Mimi nakumbuka kucheka, baba. Maneno sikumbuki. Nilijua ninyi mnayo."

Nje mashuka yalipigwa na upepo kwenye kamba. Dobi akajaribu kumwona mkewe upande ule wa meza, akamwona vizuri: vidole vyenye maji, kanga begani, mdomo unakwenda. Alimwona anasema. Akangoja. Alichosikia ni mwalimu, kwa sauti safi ya darasani, anasema msomaji aonyeshwe kila kitu ila asijue amekiona.

Binti aliondoka siku ya pili yake. Mlangoni alimwambia baba ale, na baba alisema atakula.

Nyumba ya wageni ikaleta mashuka. Dobi aliwasha makaa, akanyunyiza mwenyewe, akapiga mwenyewe, akakunja mwenyewe, akizunguka meza kwenda upande ule na kurudi. Kinyozi alipita dirishani akasimama.

"Mzee, mwalimu anauliza: hadithi ya pili lini? Watu wanamtaka Bi Povu."

"Hakuna ya pili."

"Acha basi. Kipaji unacho. Hata hujui umekitoa wapi!"

Dobi alilitandaza shuka lingine, akalinyoosha kwa kiganja toka katikati kwenda pembeni.

"Nilijua nilipokuwa namsikia," akasema.

Kinyozi akangoja aendelee. Dobi akazunguka meza, akakunja upande wa mkewe.